Kutoboka kwa Umio na Kuvuja kwa Mshono Baada ya Upasuaji: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya wagonjwa na ndugu zao walioambiwa, mara nyingi ghafla na kwa maneno machache, kwamba umio umetoboka au kwamba mshono uliowekwa wakati wa upasuaji unavuja. Majibu yaliyomo ni ya jumla. Hayachukui nafasi ya maelezo ya timu inayomtibu mgonjwa, kwa sababu wagonjwa wawili wenye tundu la ukubwa uleule wanaweza kutibiwa kwa njia mbili tofauti kabisa, na wote wawili wakawa wametibiwa ipasavyo.

Kwa nini tundu dogo kwenye umio linachukuliwa kuwa jambo la dharura?

Umio ni mrija wa misuli wenye urefu wa takriban sentimita 25 kwa mtu mzima. Huanzia chini ya koo, hupita shingoni nyuma ya koo la hewa, hushuka kifuani ukiwa umebanana na uti wa mgongo, moyo na mshipa mkuu wa damu, kisha hupenya kiwambo, yaani msuli unaotenganisha kifua na tumbo, na kuungana na mfuko wa chakula. Tofauti na sehemu kubwa ya utumbo, umio hauna lile tabaka la nje, jembamba lakini imara, ambalo hushika uzi wa mshono na kusaidia kuziba tundu mapema. Kwa hiyo ukuta wake huchanika kwa urahisi, na ukishachanika hakuna kizuizi kikubwa kati ya kilichomo ndani na viungo vinavyouzunguka.

Mtu mzima humeza takriban lita moja ya mate kwa siku hata asipokula chochote, akiwa macho au amelala. Mate hayo yamejaa bakteria, na kutoka chini huongezeka asidi na nyongo zinazopanda kutoka kwenye mfuko wa chakula. Tatizo huwa kubwa zaidi kifuani: kila mgonjwa anapovuta pumzi, shinikizo ndani ya kifua hushuka, na majimaji hayo hunyonywa kupitia tundu hadi kwenye nafasi iliyo katikati ya mapafu au kwenye uwazi unaolizunguka pafu lenyewe. Baada ya saa chache tu maambukizi yanaweza kuanza, na yasipodhibitiwa huingia kwenye damu na kuathiri figo, mapafu na moyo. Hii ndiyo sababu madaktari hushughulika kwanza na kile kinachovuja, na wakati mwingine huliacha tundu lenyewe kwa siku kadhaa, jambo ambalo huwashangaza ndugu wengi.

Je, kutoboka na kuvuja kwa mshono ni kitu kimoja?

Si kitu kimoja, ingawa matibabu yake yanafanana sana. Kutoboka ni pale ukuta wa umio, ambao ulikuwa mzima, unapopata tundu au mpasuko. Kuvuja kwa mshono ni pale sehemu mbili zilizounganishwa na daktari wa upasuaji zinaposhindwa kushikana vizuri, kwa mfano baada ya kuondoa umio wenye saratani na kuunganisha kipande kilichobaki na mfuko wa chakula. Aliyetoboka umio ghafla kwa kawaida hana mrija wowote wa kutoa majimaji kifuani, na uchafu husambaa bila kuonekana. Aliyefanyiwa upasuaji mara nyingi tayari amewekewa mirija, yuko wodini, na wauguzi wanamwangalia, hivyo uvujaji wake unaweza kugunduliwa mapema zaidi.

Umio hutobolewa na nini?

Sababu inayoongoza ni vifaa vya matibabu. Endoskopia ya kawaida ya uchunguzi, yaani kuangalia ndani ya umio kwa mrija mwembamba wenye kamera, ni salama sana, na kutoboka kunatokea kwa wagonjwa wachache mno kati ya maelfu. Hatari huongezeka pale daktari anapofanya kazi ndani ya umio badala ya kuangalia tu: kupanua sehemu iliyobana, kutanua kwa puto misuli ya mgonjwa wa akalasia (ugonjwa ambao misuli ya mwisho wa umio hailegei ili chakula kipite), kuondoa uvimbe, au kutoa kitu kilichokwama. Sehemu tatu ambazo umio hubanwa kiasili, yaani mwanzoni mwake, pale unapopitana na mshipa mkuu na bomba la pafu la kushoto, na pale unapopenya kiwambo, ndizo vitu vilivyomezwa hupenda kukwama.

Sababu nyingine ni miiba, mifupa, meno ya bandia na betri ndogo za duara zilizomezwa, hasa na watoto. Betri za aina hiyo huunguza ukuta wa umio katika muda wa saa mbili hivi, kwa hiyo mtoto aliyemeza betri hangojewi hadi kesho. Zipo pia kemikali kali, majeraha ya kisu au risasi, na saratani inayoula ukuta.

Umio unaweza pia kupasuka wenyewe kutokana na kutapika kwa nguvu. Hali hiyo inaitwa ugonjwa wa Boerhaave, kwa jina la Herman Boerhaave, daktari wa Leiden nchini Uholanzi, ambaye mwaka 1724 alichapisha maelezo ya kifo cha amiri wa jeshi la majini aliyepatwa na maumivu makali ya kifua baada ya kujitapisha kufuatia mlo mkubwa. Boerhaave alipoupasua mwili alikuta chakula na hewa ndani ya kifua, na umio umekatika. Zaidi ya miaka 200 ilipita kabla mgonjwa wa aina hiyo hajashonwa na kupona. Norman Barrett wa London alitoa taarifa ya mgonjwa kama huyo mwaka 1947.

Mshono huvuja kwa nini? Je, ni kosa la daktari?

Swali hili huulizwa kwa hasira, na hasira hiyo inaeleweka. Jibu la haki ni kwamba kosa la ufundi linawezekana, lakini mishono huvuja hata mikononi mwa madaktari wenye uzoefu mkubwa. Baada ya upasuaji wa kuondoa umio, karibu mgonjwa mmoja kati ya kumi hupata uvujaji wa kiwango fulani, na hospitali nzuri hulitaja jambo hili kabla ya mgonjwa kutia saini ya ridhaa.

Sababu kubwa ni damu. Umio unapoondolewa, daktari huukata mfuko wa chakula na kuufanya kuwa bomba refu, kisha huuvuta juu hadi kifuani au shingoni. Ili uweze kufika huko, mishipa yake mingi ya damu hukatwa, na bomba lote hubaki likitegemea zaidi mshipa mmoja unaoingilia upande wa chini kulia. Ncha ya juu ya bomba ndiyo iliyo mbali zaidi na mshipa huo, na ndiyo hasa inayoshonwa. Ukiongeza mvutano kwenye mshono, utapiamlo wa mtu ambaye kwa miezi kadhaa hakuweza kumeza vizuri, kisukari, uvutaji wa sigara, shinikizo la damu lililoshuka wakati wa upasuaji, au mionzi iliyotangulia, utaona kwa nini mshono huo hupona kwa shida. Mshono wa shingoni huvuja mara nyingi zaidi kuliko wa kifuani kwa sababu bomba limevutwa mbali zaidi, ila uvujaji wa shingoni kwa kawaida ni rahisi kuudhibiti.

Mishono huvuja pia baada ya upasuaji wa kupunguza unene, ambapo sehemu kubwa ya mfuko wa chakula huondolewa na kubaki mrija mwembamba. Hapo uvujaji hutokea zaidi karibu na pale umio unapoishia, na mgonjwa anaweza kuwa tayari ameruhusiwa kurudi nyumbani.

Dalili za kutoboka kwa umio ni zipi?

Maumivu ndiyo dalili ya kwanza kwa wengi: ya shingo, ya kifua, ya mgongo katikati ya mabega, au ya juu ya tumbo, kutegemea tundu lilipo. Mgonjwa aliyetoka kwenye endoskopia akalalamika maumivu yanayozidi anapomeza au kuvuta pumzi hapaswi kuambiwa kwamba ni kawaida koo kuuma kidogo. Hufuata homa, kupumua kwa shida, na mapigo ya moyo kwenda mbio.

Dalili moja inafaa kuelezwa kwa karibu. Hewa inayotoka kwenye tundu hupanda na kujikusanya chini ya ngozi ya shingo na juu ya mifupa ya mtulinga. Ukibonyeza hapo taratibu kwa vidole viwili, unahisi kitu kinakwaruzika na kupasukapasuka chini ya ngozi, kama kubonyeza karatasi ya plastiki yenye mapovu madogo sana. Mgonjwa mwenyewe anaweza kuona shingo imenenepa au sauti imebadilika na kuwa ya puani. Kutapika, maumivu makali ya kifua na hewa hiyo chini ya ngozi, vikikutana kwa mtu mmoja, hutosha kumfanya daktari afikirie umio uliopasuka. Bahati mbaya wagonjwa wengi hawana vyote vitatu, na wengine huanza kutibiwa kama wenye mshtuko wa moyo, nimonia au vidonda vya tumbo.

Na baada ya upasuaji, uvujaji hujulikanaje?

Mivujo mingi hujitokeza kati ya siku ya tatu na ya kumi. Dalili za mapema ni za kimyakimya: moyo unaodunda haraka bila sababu au unaoanza kwenda bila mpangilio, homa, mgonjwa kuchanganyikiwa kidogo, au kushindwa tu kupata nafuu kama ilivyotarajiwa. Katika vipimo vya damu, protini iitwayo CRP, ambayo kwa kawaida hupanda kwa siku mbili au tatu baada ya upasuaji kisha kushuka, huendelea kupanda au hubaki juu. Majimaji ya kwenye mrija wa kifuani nayo hueleza mengi. Yaliyokuwa mekundu mepesi au ya manjano angavu huanza kuwa ya kijivu na mazito, ya kijani kutokana na nyongo, au yenye povu la mate. Ikiwa uvujaji uko shingoni, kidonda huwa chekundu na kutoa majimaji yenye harufu.

Ndugu anayekaa na mgonjwa siku nzima mara nyingi huona mabadiliko haya kabla ya mtu mwingine yeyote. Tunaona ni vyema kuyasema hata kama yanaonekana madogo.

Vipimo gani huthibitisha tatizo?

Kipimo kinachotegemewa zaidi ni picha ya CT (eksirei ya kompyuta inayoonyesha mwili kipande kwa kipande) ya shingo, kifua na tumbo, mgonjwa akiwa amemeza kiasi kidogo cha dawa inayoonekana kwenye picha. Huonyesha hewa iliyo mahali isipostahili, mikusanyiko ya usaha, hali ya mapafu, na wakati mwingine njia yenyewe ya dawa ikitoka nje ya umio. Picha ya kawaida ya eksirei inaweza kuonyesha hewa au maji pembeni mwa pafu, lakini ikiwa safi katika saa za mwanzo haimaanishi kwamba umio ni mzima.

Kuhusu dawa ya kumeza, madaktari huanza na ile inayoyeyuka majini, kwa sababu bariamu, dawa nyingine ya kumeza isiyoyeyuka majini, ikivujia kifuani huchochea uvimbe na hukaa huko muda mrefu. Dawa inayoyeyuka majini nayo ina hatari yake: ikiingia mapafuni huyajaza maji, kwa hiyo haifai kwa mgonjwa anayepaliwa. Kipimo cha kwanza kisipoonyesha tundu ilhali shaka bado ni kubwa, bariamu iliyozimuliwa hutumika kwa uangalifu, kwani huonyesha tundu dogo vizuri zaidi.

Endoskopia pia hufanywa. Wengi huogopa kwamba kamera itapanua tundu. Ikifanywa na mtu mwenye ujuzi, kwa gesi ya kaboni dioksidi inayofyonzwa haraka mwilini badala ya hewa ya kawaida, ni salama, na ndiyo inayoonyesha ukubwa wa tundu, kama nyama inayolizunguka ina damu ya kutosha, na kama upande wa nje kuna shimo lenye usaha. Mara nyingi matibabu huanza hapohapo.

Nini hufanyika katika saa za kwanza?

Mgonjwa huzuiwa kula na kunywa kabisa, hata maji ya kulainisha koo. Huwekewa dripu, dawa za bakteria za aina pana, dawa ya kupunguza asidi, na kwa baadhi dawa za fangasi, hasa waliokaa hospitalini muda mrefu au waliotumia dawa za kupunguza asidi kwa miezi. Hupewa dawa za maumivu na oksijeni, na wengi hupelekwa chumba cha uangalizi maalumu. Mrija wa puani hupitishwa kwa kuangaliwa kwa kamera au eksirei. Haupitishwi kwa kubahatisha, kwani unaweza kupita kwenye tundu lenyewe.

Kisha inafuata kazi iliyo muhimu kuliko zote, nayo ni kutoa nje kila kilichokwisha kuvuja. Mrija huingizwa kati ya mbavu kutoa maji na usaha uliolizunguka pafu, au daktari wa picha huelekeza mrija mwembamba hadi kwenye mkusanyiko akitumia CT. Usaha uliofungiwa ndani hautibiwi na dawa peke yake, hata iwe kali kiasi gani.

Je, kila mgonjwa lazima apasuliwe?

Hapana. Zamani upasuaji ulikuwa kanuni. Leo wagonjwa wengi hutibiwa bila kufunguliwa kifua. Anayefaa kutibiwa kwa dawa na uangalizi peke yake ni yule ambaye tundu lake ni dogo, dawa ya kwenye picha inatoka kidogo na kurudi ndani ya umio bila kusambaa, hana dalili za maambukizi makali, na chini ya tundu hakuna kizuizi kama saratani au sehemu iliyobana. Sharti hilo la mwisho husahaulika. Ikiwa njia ya chini imeziba, kila kinachomezwa kitatafuta upenyo, na upenyo uliopo ni tundu.

Madaktari hutumia pia alama za ukali zilizochapishwa mwaka 2009 na kundi la Pittsburgh, Marekani, zinazojumlisha mambo kumi, yakiwemo umri, homa, shinikizo la damu kushuka, kupumua kwa shida, saratani, na kupita kwa saa 24 kabla ya kugundulika. Alama ya 2 au chini huashiria hali nyepesi, na zaidi ya 5 hali nzito. Kwa uvujaji baada ya kuondolewa umio, kundi la kimataifa la wataalamu lilikubaliana mwaka 2015 kuugawa katika aina tatu: usiohitaji zaidi ya dawa au kubadilisha ulaji, unaohitaji kuingiliwa bila upasuaji, na unaohitaji upasuaji. Ukisikia timu ikisema "aina ya pili", maana yake ni kwamba kuna jambo la kufanywa kwa kamera au kwa mrija.

Kutibiwa bila upasuaji si kuachwa. Mgonjwa huangaliwa mara kadhaa kwa siku, na hali ikibadilika mpango hubadilishwa siku hiyohiyo.

Stenti hufanya kazi gani?

Stenti ni bomba la nyavu za chuma lililofunikwa kwa utando wa plastiki, linaloingizwa likiwa limekunjwa kisha likatanuka lenyewe ndani ya umio. Hufunika tundu kwa ndani ili mate yapite katikati yake. Faida yake ni kwamba mgonjwa anaweza kuanza kunywa mapema. Kasoro yake kubwa ni kuhama: kwa takriban mgonjwa mmoja kati ya wanne au watano hushuka kutoka mahali pake, hasa pale ambapo umio haujabana. Inaweza pia kusababisha maumivu na kiungulia au, mara chache, kukwangua ukuta hadi kufikia mshipa wa damu. Kwa sababu hizo huondolewa baada ya wiki chache, kwa kawaida nne hadi sita, na tarehe ya kuondolewa inapaswa kuandikwa wazi kwenye karatasi za kuruhusiwa. Stenti iliyosahaulika ni tatizo jipya.

Jambo lingine la kuzingatia ni kwamba stenti hufunika tundu lakini haitoi usaha uliokwisha kujikusanya nje. Bila mrija wa kuutoa, inafunga mlango wakati mwizi yumo ndani.

Tumesikia kuhusu "sponji ya kunyonya". Ni kitu gani?

Ni njia iliyoanza kutumika kwa umio katika miaka ya 2000, hasa nchini Ujerumani, na leo katika hospitali nyingi ndiyo chaguo la kwanza kwa uvujaji wenye shimo la usaha. Wazo lake limetokana na matibabu ya vidonda vya nje kwa mvuto wa hewa.

Mgonjwa hulazwa usingizi. Daktari huingiza kamera hadi kwenye tundu, na mara nyingi huipitisha hadi ndani ya shimo lililo nyuma yake, akiliosha na kutoa nyama iliyokufa. Kisha huchukua sponji yenye matundu yaliyo wazi, huikata kwa mkasi ili iwe ndogo kidogo kuliko shimo, na kuishona kwenye ncha ya mrija kama ule wa puani. Mrija hupitishwa puani, na sponji hukokotwa kwa koleo dogo la kamera hadi ikae ndani ya shimo, au ndani ya umio mkabala na tundu ikiwa hakuna shimo. Mwisho mrija huunganishwa na mashine inayonyonya mfululizo, kwa kawaida kwa milimita 125 za zebaki. Mara mashine inapowashwa, sponji hunywea na kuta za shimo huivamia na kuikumbatia.

Hapo mambo mawili hufanyika kwa pamoja: majimaji hunyonywa nje badala ya kusambaa, na nyama mpya yenye damu huanza kuota. Sponji hubadilishwa kila baada ya siku tatu hadi tano, kwa sababu ikikaa zaidi nyama huota ndani ya vitundu vyake na kuing'oa huwa kazi. Kila badiliko shimo huonekana dogo kidogo na jekundu zaidi, na sponji hukatwa ndogo zaidi. Wengi huhitaji mabadiliko manne hadi nane, yaani wiki mbili hadi nne au zaidi, na katika ripoti nyingi zaidi ya wagonjwa wanane kati ya kumi huzibika.

Usumbufu upo. Mrija wa puani unakera, mgonjwa hufungwa na mashine, na kurudiwa kwa usingizi kunachosha. Hatari kubwa, ingawa ni adimu, ni kutokwa damu nyingi pale sponji inapokuwa karibu na mshipa mkubwa, ndiyo maana CT huangaliwa vizuri kabla ya kuanza. Damu yoyote mbichi kwenye mrija ni ya kuripotiwa papo hapo.

Kuna klipu pia?

Zipo, nazo ni vibanio vidogo vya chuma. Tundu dogo lililogunduliwa palepale linapotokea, kingo zake zikiwa safi, linaweza kubanwa kwa klipu zinazopitishwa ndani ya kamera. Klipu kubwa inayovalishwa kwenye ncha ya kamera huziba tundu la hadi takriban sentimita mbili. Kwenye tundu la siku kadhaa lenye kingo zilizovimba klipu haishiki vizuri. Baada ya upasuaji wa kupunguza unene, madaktari wengine hupitisha vijirija vyembamba vyenye ncha zilizojikunja ili usaha utiririke kurudi ndani ya njia ya chakula, badala ya kuuziba.

Upasuaji ukihitajika, hufanywa nini?

Upasuaji huhitajika pale uchafu umesambaa, mgonjwa anazidi kudhoofika, au njia nyingine zimeshindwa. Tundu la sehemu ya chini ya umio kwa kawaida hufikiwa kupitia upande wa kushoto wa kifua, na la katikati kupitia upande wa kulia. Daktari huosha kifua, huondoa nyama iliyokufa, kisha huupanua kidogo mpasuko wa misuli, kwa sababu mpasuko wa utando wa ndani mara nyingi ni mrefu kuliko ule unaoonekana nje. Akishona bila kuona miisho yake yote miwili, mshono utavuja. Hushona tabaka mbili, utando kwanza na misuli juu yake, kisha hufunika kwa kipande cha msuli wa mbavuni au nyama nyingine yenye damu nzuri.

Ikiwa ukuta umeoza kiasi cha kutoshika uzi, yapo mambo mawili. Anaweza kuweka mrija wenye umbo la herufi T ili uvujaji uwe na njia moja inayojulikana hadi hali itulie, au kuondoa umio na kuitoa sehemu ya juu shingoni ili mate yatoke nje kwenye mfuko. Hili la mwisho huwatisha wagonjwa kuliko yote, na si ajabu. Hufanywa kuokoa maisha, na njia ya kumeza hujengwa upya miezi kadhaa baadaye mgonjwa akishapata nguvu. Vivyo hivyo, bomba la mfuko wa chakula likifa kwa kukosa damu, hakuna stenti wala sponji itakayolifufua, lazima liondolewe.

Tundu la shingoni mara nyingi huhitaji tu kufunguliwa kwa kidonda na kuachwa mrija.

Mgonjwa asipokula wiki tatu, ataishije?

Atalishwa kwa njia nyingine, na lishe hii ni sehemu ya tiba. Njia bora ni mrija unaopeleka chakula cha maji moja kwa moja kwenye utumbo mwembamba, chini ya sehemu inayovuja. Mrija huo hupitishwa puani au ukutani mwa tumbo, na wengi wanaoondolewa umio huwekewa siku ileile ya upasuaji. Utumbo usipofanya kazi, lishe hupitishwa kwenye mshipa mkubwa wa damu. Tunasisitiza kwamba kijiko kimoja cha uji kinachotolewa kwa huruma kinaweza kuishia kifuani. Mdomo mkavu utunzwe kwa kusukutua na kutema.

Uwezekano wa kupona ni kiasi gani?

Umio uliotoboka bado ni ugonjwa mzito. Tafiti zilizojumuisha wagonjwa wengi zimeonyesha kwamba kwa ujumla takriban mmoja kati ya kumi hufariki. Walioanza kutibiwa ndani ya saa 24 wanaofariki ni chini ya kumi kati ya mia, na waliochelewa ni karibu ishirini kati ya mia. Aliyepasukwa na umio kwa kutapika na mwenye saratani wako hatarini zaidi ya aliyetobolewa na kifaa hospitalini, ambaye tumbo lake lilikuwa tupu na tundu lake likaonekana mara moja. Hospitali yenye madaktari wa upasuaji, wa endoskopia na wa picha wanaoweza kuitwa usiku ina nafasi kubwa zaidi ya kumwokoa, kwa hiyo timu ikipendekeza kumhamisha mgonjwa, si dalili ya kumkatia tamaa.

Baada ya kupona, kuna madhara ya kudumu?

Lililo la kawaida ni umio kubana mahali palipopona, kwani kovu hujivuta. Chakula huanza kukwama, kwanza nyama na mkate, baadaye hata vitu laini. Hutibiwa kwa kupanuliwa kwa kamera, mara nyingi zaidi ya mara moja. Kwa wachache hubaki njia isiyo ya kawaida kati ya umio na koo la hewa au ngozi, na kikohozi kinachokuja kila mara anapokunywa maji ndicho kiashiria chake. Uchovu na kupungua uzito huchukua miezi kurekebika.

Tukisharudi nyumbani, nini kiturudishe hospitalini bila kungoja kliniki?

Homa au baridi ya kutetemeka, maumivu mapya ya kifua au ya bega, kupumua kwa shida, kutapika damu au kupata choo cheusi kama lami, shingo kuvimba, kikohozi kila unapokunywa, au kushindwa kumeza hata mate. Aliye na stenti aende pia iwapo alikuwa anameza vizuri kisha ghafla akashindwa, au maumivu yakahamia tumboni, kwani huenda imeshuka. Mueleze anayekupokea, kabla ya jambo lingine lolote, kwamba umio wako uliwahi kutoboka au kuvuja, na mwonyeshe karatasi ya kuruhusiwa, ili asianze kutafuta upya kile kinachojulikana tayari.